Nusu ekari karibu na Tazara: tufunge njia tujenge fremu, tukodishe malori, au tuuze?

*"Habari mtaalamu. Baba yetu alifariki mwaka 2019 akatuachia nusu ekari hapa Mbeya, kati ya barabara kuu ya TANZAM na stesheni ya TAZARA, hatua kama mia tatu kutoka lami. Mama bado anaishi hapo kwenye nyumba ya zamani ya vyumba vinne, sehemu iliyobaki ni migomba na maharage. Katikati ya kiwanja inapita njia ya miguu ambayo majirani wanaitumia tangu sisi tukiwa wadogo, kwenda kupanda daladala. Tangu zitoke habari za kufufuliwa kwa TAZARA, na barabara ianze kupanuliwa, madalali hawatuachi. Mmoja ameleta mtu anayetaka kukodi sehemu ya wazi miaka mitano aegeshe malori. Kaka yangu anataka tuzungushe ukuta, tufunge njia, tujenge fremu kumi kwa mstari mmoja. Mjomba anasema tuuze sasa kabla serikali haijalichukua eneo. Kwenye mkutano wa mtaa tulisikia habari za 'mji wa kuzunguka vituo' na maghorofa, mama akarudi na hofu kwamba kelele na wezi vitamfukuza kwake. Mimi ndiye binti mkubwa, wote wananisubiri niseme. Tufanye nini?"*

Dada yangu, ndaga fijo, asante sana, kwa kuliandika swali lako kwa kirefu. Umenipa karibu kila nilichohitaji, hata maharage ya mama. Mnabishana juu ya mambo matatu: kuuza, kukodisha kwa malori, au kujenga fremu. Nilipolisoma mara ya pili nikaona kitu cha nne ambacho kaka yako amekitaja kama kero ya kuondoa, na kwangu ndicho chenye thamani kuliko vyote: ile njia ya miguu.

Niseme jibu langu mapema ili usome yanayofuata ukijua ninakoelekea. Njia msiifunge. Malori msiyaingize. Kuuza eneo lote sasa hivi sikushauri. Jengeni vyumba vya kupangisha, kidogo kidogo, nyuso zake zikitazama njia hiyo, na fremu mbili au tatu tu pale njia inapotokea barabarani. Lakini jibu lisilo na sababu kaka atalivunja kabla chai haijapoa, kwa hiyo nivumilie nieleze.

Kwanza, kituo gani? Kila anayewapigia simu anawaambia "mko karibu na stesheni", na ninyi mnaitazama reli. TAZARA ni reli kubwa kweli, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Wazee wetu waliifyekea misitu, na sina neno la kuipunguzia heshima. Makubaliano ya kuifufua yaliyotiwa saini Beijing Septemba 2024 kati ya Tanzania, Zambia na China ni habari njema kwa nchi. Ila reli hiyo inaishi kwa mizigo, na mzigo mkuu ni shaba inayoshuka bandarini. Behewa la shaba halishuki Mbeya likatafuta chumba cha kupanga. Treni ya abiria nayo haipiti kila siku. Mtu hachagui mahali pa kuishi kwa sababu ya usafiri anaoupanda mara mbili kwa mwaka akienda kuzika au kusalimia. Anachagua kwa sababu ya usafiri wa kila asubuhi.

Kwa hiyo kituo chenu hasa ni kile cha daladala, pale barabarani, konda anapopiga kelele "Mwanjelwa, Kabwe, Uyole" upande mmoja, na "Iyunga, Mbalizi" upande wa pili. Hapo ndipo mwalimu, fundi, muuza nyanya na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia wanaposimama kila siku ya Mungu. Reli ikifufuka itaongeza ajira kwenye karakana, maghala na ulinzi, na waajiriwa hao nao watataka kulala karibu. Hiyo ni nyongeza nzuri. Msingi wenu uwe daladala.

Sasa tuje kwenye namna ardhi ya karibu na kituo inavyopata thamani, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Hupimi umbali kwa macho wala kwa ramani ya simu. Unapima kwa dakika za miguu. Mtu mzima asiye na mzigo hutembea kama mita 80 kwa dakika. Wapangaji wa miji duniani kote hutumia kipimo cha mita 400, yaani dakika tano, kuwa umbali ambao mtu anatembea bila kujiuliza. Mita 800, dakika kumi, bado anatembea ila anaanza kuhesabu. Ikizidi hapo anaita bodaboda, na akishaita bodaboda, nauli ya siku imepanda na sababu ya kuishi karibu na kituo imekufa.

Chora duara la mita 400 kuzunguka kituo chenu. Ndani yake kuna kama hekta 50. Hizo ndizo hekta za dhahabu, ila kwenye karatasi tu. Watu hawatembei kama kunguru, wanafuata njia. Hata mitaa ikinyooka vizuri na kukatana kama viraka vya mkeka, ukitembea mita 400 utafikia kama hekta 32 tu. Anza kuziba vichochoro, huyu ukuta, yule geti, na hekta zinazofikika zinapungua mwaka hadi mwaka wakati kituo hakijasogea hata inchi.

Chukua jirani aliye nyuma yenu. Tuseme leo anapita kwenye kiwanja chenu na kufika kituoni kwa mita 400. Mkifunga, anazunguka mita 900. Kutoka dakika tano amefika zaidi ya kumi na moja, asubuhi na jioni, siku sita kwa wiki. Ni zaidi ya saa nzima kila wiki mmemchukulia, na mvua za Januari na Februari mnazijua. Yeye ataanza kuhama polepole, au mpangaji wake ataanza kuomba kodi ipunguzwe. Eneo zima nyuma yenu linashuka hadhi, na huko nyuma ndiko wanakoishi wateja wa zile fremu kumi ambazo kaka anataka kuzijenga.

Hili nililiona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, nisiutaje. Nyuma ya stendi kulikuwa na kichochoro kati ya viwanja viwili, upana wake watu wawili wenye ndoo kichwani wanapishana kwa kugeuka ubavu. Mdomoni mwa kichochoro alikaa mama mmoja na meza fupi, chupa mbili za chai ya tangawizi na beseni la chapati lililofunikwa kwa kitambaa cheupe. Julai, saa 12 asubuhi, baridi ikiwa imeshika vidole, huwezi kupita pale bila kusimama. Ramani mpya ya stendi ikapangwa fremu kumi na nne kwa mstari, mgongo wao ukaziba kichochoro. Mimi nilikuwa kwenye timu iliyoipitisha ramani hiyo. Kile kichochoro nilikiona kwenye picha ya anga nikadhani ni mtaro wa maji, na sikwenda kutembea pale nikahakikisha. Bado linaniuma.

Fremu zilipoisha, watu walitoboa ukuta. Mwenye eneo akaziba kwa saruji. Wakatoboa tena pembeni. Mara tatu. Walipochoka walianza kuzunguka, na mama wa chapati akahamia upande mwingine wa stendi ambako hakuna aliyemjua. Nilirudi baada ya miaka miwili: fremu zilizotazama wanakopita abiria zilikuwa zimejaa, na zile za mwisho ziliota kutu kwenye kufuli. Fremu hailishwi na lami, inalishwa na miguu inayopita mbele yake. Mwambie kaka hivyo hivyo. Akitaka fremu, aiache njia, kisha aziweke pale ambapo kila anayetoka nyumbani lazima apite na kila anayerudi jioni lazima anunue mkate, vocha na dawa ya mbu. Kwa njia ya ukubwa huo fremu mbili tatu zinatosha. Kumi ni nyingi mno. Saba zitakaa bila mpangaji, na kaka atajikuta anazipangisha kama stoo kwa bei ya kutupa.

Kuhusu malori, nataka nimtendee haki yule mteja, kwa sababu pesa anayoleta ni ya kweli na ni ya sasa. Mwenye mama wa kumtunza hawezi kuidharau. Lakini tupige hesabu. Nusu ekari ni kama mita za mraba 2,000. Ukitoa nyumba ya mama na uwanja wake zinabaki labda 1,500. Trela lina urefu wa karibu mita 18, linahitaji nafasi ya kugeuza, kwa hiyo hapo yataingia kumi, yakibanwa sana kumi na mawili. Hiyo ni watu ishirini na nne, dereva na utingo wake, ambao wamekuja ili waondoke. Udongo wetu wa volkeno ukipondwapondwa na tairi za lori zilizobeba tani kwa tani, mvua ya kwanza unakuwa uji. Oili inamwagika inapomwagika, na migomba haisemi ila inakauka. Njia ya miguu inakuwa mahali ambapo mtoto wa darasa la pili anapishana na lori linalorudi nyuma. Baada ya miaka mitano mnarudishiwa ardhi ambayo inabidi kwanza ifukuliwe ndipo ijengwe. Tena kama hati ya baba inasema matumizi ni makazi, kugeuza kiwanja kuwa yadi ya malori bila kibali cha kubadili matumizi ni kuvunja masharti ya umiliki, na barua ya halmashauri haitakwenda kwa mwenye malori. Itakuja kwenu.

Malori yanahitaji mahali pa kulala, hilo silikatai. Njia ya Tunduma bila maegesho ni hatari kwa kila mtu. Mahali pake ni pembezoni, kwenye eneo lililopangwa, lenye sakafu ngumu, choo na taa. Kuweka maegesho ndani ya dakika tano za kituo cha daladala ni kupanda majani kwenye shamba lenye rutuba kuliko yote uliyonayo.

Linganisha na watu. Acha njia yenu iwe na upana wa mita nne, bikoni pande zote. Jengeni kwenye mita za mraba 600, sehemu nyingine ibaki ua, mitaro, kamba za kuanikia nguo na watoto wacheze. Nyumba ya ghorofa moja juu ya ya chini inatoa mita 1,200. Toa moja ya tano kwa ngazi na korido, zinabaki 960. Chumba, sebule, jiko dogo na choo ndani, kwa mita 40, mnapata nyumba 24. Kila moja ikikaa watu watatu ni watu 72, wanaotoka asubuhi na kurudi jioni, wanaonunua, wanaolipa kodi kila mwezi, na ambao hawamiliki gari hata moja la kuegesha. Huo ndio "mji wa kuzunguka kituo" mliousikia mkutanoni, kwa ukubwa wa kiwanja kimoja cha familia. Hamna haja ya maghorofa marefu. Watu wengi huchanganya kuishi kwa karibu na kuishi juu. Nyumba za chini zilizopangika vizuri kuzunguka ua zinaweza kubeba watu wengi kuliko ghorofa nne iliyosimama peke yake katikati ya maegesho.

Wala msijenge zote 24. Anzeni na nne au sita za chini, lakini msingi usukwe tangu mwanzo na mhandisi kwa uzito wa ghorofa itakayokuja. Hapa sitanii: Mbeya imekaa kwenye Bonde la Ufa, ardhi yetu hutikisika, na msingi wa kukisia kwa fundi wa mtaani kisha kupandishia ghorofa baada ya miaka mitano ni kuwaalika wapangaji kwenye kaburi. Jambo la pili linaloamua mnaweza kujenga kiasi gani ni majitaka. Watu 72 kwenye shimo lililochimbwa kwa ajili ya familia moja, mvua zikijaa, litafurika uani kwa mama. Kabla ya kuchora chochote, ulizeni mamlaka ya maji kama bomba la majitaka linafika au litafika. Kama halifiki, idadi ya vyumba ifuate uwezo wa ardhi kunyonya. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kujenga kwa awamu.

Nitoke kidogo nje ya kiwanja chenu, kwa kuwa kuna jambo la mji wetu ambalo nalipenda na silisikii likisemwa. Mbeya wanaisema vibaya kwamba imerefuka kama nyoka: safu ya milima imebana upande huu, vilima vimebana upande ule, mji umejinyoosha kufuata TANZAM kutoka Uyole hadi Mbalizi. Watu wanadhani hilo ni tatizo. Kwa usafiri wa umma ni zawadi. Mji wa duara unahitaji mabasi ya kwenda kila upande, na kila njia inakuwa na abiria wachache. Mji mrefu unahitaji njia moja nene ambayo basi linajaa mwanzo hadi mwisho. Curitiba, kule Brazili, waliamua kwa makusudi kuunyoosha mji wao kwenye mihimili ya namna hiyo, wakaruhusu majengo marefu kando ya njia za mabasi yaliyoanza 1974, na kadiri unavyokwenda mbali na njia majengo yanakuwa mafupi. Sisi mhimili tumepewa na milima. Dar es Salaam walilazimika kuukata upya mji uliokwisha kujaa ili mabasi ya mwendokasi yaanze kutembea kati ya Kimara na katikati ya jiji mwaka 2016. Mbeya bado tuna nafasi ya kupanga kabla haijajaa, ila si kwa muda mrefu: sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 385,000 jijini, ya 2022 ikahesabu zaidi ya 540,000.

Iringa mjini kuna fundisho la upande wa pili. Stendi kubwa ya mabasi ilipelekwa Igumbilo, chini, nje ya mji ulioko juu kilimani. Msongamano wa katikati umepungua, na hilo ni jema. Lakini abiria anayeshuka pale hajafika bado. Lazima apande bajaji au daladala kupandisha mjini, nauli ya pili juu ya ile ya kwanza. Stendi peke yake haizai mji. Mpaka wapangaji, maduka, zahanati na shule viifuate na njia za miguu ziviunganishe, inabaki mahali pa kupita. Ninyi mna bahati ambayo Igumbilo inaisubiri: watu tayari wapo, na njia tayari ipo. Waliichora majirani zenu kwa miguu yao kwa miongo mitatu.

Mama sasa, na hofu yake. Mama hakosei kabisa. Kelele zipo na zitaongezeka, hasa breki za malori usiku, na hakuna ramani itakayozizima. Kinachowezekana ni kupanga vyumba vya kulala vitazame ndani, korido na ngazi zikae upande wa barabara kama ngao, na nyumba ya mama ibaki nyuma ya jengo jipya, siyo mbele yake. Kuhusu wezi, kuta ndefu zisizo na madirisha na vichochoro vyenye giza ndiko wanakojificha. Njia yenye madirisha yanayoitazama, taa mbili tatu, mtu anayekaanga viazi hadi saa 3 usiku na wapangaji wanaojuana kwa majina, mwizi anaipita haraka. Ukuta wa kaka ndio ungemletea mama kile anachokiogopa: upande mmoja ukuta, upande wa pili ukuta, na katikati kipande cha giza ambacho hakuna anayeona kinachotendeka.

Hofu ya mjomba kwamba serikali italichukua eneo inahitaji kupimwa kwa futi, siyo kwa uvumi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. Ninyi mko hatua mia tatu ndani, mbali nayo kwa kawaida, ijapokuwa makutano, mitaro mikubwa na barabara za mchepuo vinaweza kuhitaji zaidi. Upanuzi wa njia nne unaoendelea kati ya Nsalaga na Ifisi una michoro, na mna haki ya kwenda ofisi ya TANROADS mkoa kuuliza kituo cha daladala kitakaa wapi, kivuko cha waenda kwa miguu kitakuwa wapi, na mtaro utatoa maji upande gani. Ulizeni kivuko kwa msisitizo. Barabara ya njia nne bila mahali salama pa kuvuka inaugawa mtaa vipande viwili, na anayeishi ng'ambo anakuwa mbali na kituo hata kama anakiona. Daraja la juu la kuvukia nalo lina shida yake: likimzungusha mtu ngazi nyingi, mama mwenye mzigo atakatiza chini kati ya magari. Kivuko cha usawa wa barabara chenye taa na matuta ya kupunguza mwendo kinamfaa zaidi. Semeni hivyo mkutanoni, wengi mkiwa pamoja.

Upande wa reli nao una hifadhi yake, na hiyo ipimeni pamoja na watu wa TAZARA wenyewe, msitegemee maneno ya dalali. Kama nyumba zina alama ya X, rangi ina maana. Nyekundu ni aliyeingia ndani ya hifadhi na anatakiwa kuondoka. Kijani ni aliyekuwepo kabla hifadhi haijaongezwa, anayestahili kufidiwa eneo litakapohitajika. Kama kiwanja chenu hakina alama na siku moja kikahitajika kwa mradi wa umma, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Fidia hiyo hukadiriwa pamoja na majengo halali yaliyopo. Kuuza leo kwa hofu ni kumpa mnunuzi faida ya subira ambayo ninyi mmekosa.

Je, kuna wakati kuuza ni sawa? Upo. Kama kuna deni linalotishia nyumba ya mama, au kama ndugu hamwezi kukaa kwenye biashara moja bila kugombana, ni heri kipande kiuzwe kuliko undugu ufe. Hapo nashauri mpime kwanza, mgawanye kiwanja rasmi, njia ya mita nne iandikwe kwenye ramani ya upimaji, kisha muuze sehemu ya nyuma huku mkibakiza mdomo wa njia. Kiwanja cha nyuma chenye njia iliyosajiliwa kina bei. Kisicho na njia kinauzwa kwa huruma. Sheria hiyo hiyo ya ardhi inatambua haki ya njia, kwa hiyo hata leo mkijenga ukuta, majirani walioitumia miaka yote wana mahali pa kuanzia kuwashtaki. Kaka alijue hilo kabla hajaagiza tofali.

Kuna jambo lazima liwe la kwanza na hukuliandika, nalo linanitia wasiwasi: hati bado ina jina la baba? Kama ndiyo, hakuna kati yenu mwenye mamlaka ya kuuza, kukodisha wala kuomba kibali, awe mama, kaka au mjomba. Kaeni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, mteue msimamizi wa mirathi na mwende mahakamani akathibitishwe. Dalali anayesema "hayo tutayamaliza baadaye" mfungieni mlango. Baada ya hapo nendeni ofisi ya mipango miji ya Halmashauri ya Jiji, mkaone kiwanja chenu kimewekewa matumizi gani kwenye mpango kabambe. Fremu na nyumba za kupanga pamoja vinaweza kuhitaji kubadili matumizi kuwa makazi na biashara, jambo lenye maombi, tangazo kwa umma na kamati, halimalizwi kwa siku moja. Mchoro na msingi ni kazi ya msanifu na mhandisi waliosajiliwa, na hapo msiulize ushauri kwa maandishi kama mlivyoniuliza mimi. Aje asimame kwenye udongo wenu, achimbe mashimo ya majaribio. Ukiona nyufa mpya kwenye nyumba ya mama, au maji yanayotuama siku mbili baada ya mvua, mwite hata kabla hamjaamua lolote.

Kabla ya hayo yote, nina kazi moja kwako wewe binafsi, haina gharama. Jumanne moja, siyo Jumamosi wala siku ya mnada, kaa na daftari kwenye kibaraza cha mama kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi. Kila anayepita kwenye njia piga kistari: mwanafunzi, mwenye mzigo, mwenye mtoto mgongoni, anayesukuma baiskeli. Jioni rudia saa 11 hadi saa 1 usiku. Peleka daftari hilo kwenye kikao cha familia, mpe kaka asome mwenyewe. Kisha lipeleke kwa afisa mipango miji. Katika miaka yangu yote ofisini, wananchi waliokuja na hesabu zao wenyewe sijawahi kuwarudisha mlangoni.

Nikuombe pia msiwasahau watakaopanga kwenu. Eneo likipanda bei, wa kwanza kuondoka huwa fundi, mhudumu na mama ntilie, yaani wale wale wanaopanda daladala kila siku. Mkijenga nyumba 24, saba au nane ziwe za chumba kimoja chenye choo, kodi ya chini. Hamtapata hasara, kwa kuwa vyumba vya namna hiyo havikai wazi hata wiki. Na pale mdomoni mwa njia acheni mita chache zenye kibanda cha bati na jiwe la kukalia, kwa atakayeuza chai.

Migomba ya mama msiikate yote. Angalia maji ya mvua yanakoteremkia kiwanjani, bila shaka migomba mingi iko huko huko, maana wazee walijua inakopenda kukaa. Waambie msanifu aiache mistari hiyo kandokando ya mtaro. Itanyonya maji yatakayotoka kwenye mapaa mapya, na mama atabaki na ndizi zake za kupika.